Yamashita na ile stori ya mizinga ya Singapore

Watu wengi bado wanaamini jenerali wa Japani Tomoyuki Yamashita aliichukua Singapore kirahisi kwenye Vita Kuu ya Pili kwa sababu mizinga ya Waingereza ilikuwa imeelekezwa baharini tu, haigeuki. Hapana jamani. Mingi iligeuka, na kwenye betri ya Johore, yaani kituo cha mizinga cha kulinda Singapore, mizinga mikubwa ya inchi 15 iliwapiga kweli Wajapani upande wa bara. Shida ilikuwa risasi zenyewe, nyingi zilitengenezwa kutoboa chuma cha meli, sasa ukiipiga ardhi laini inazama kwanza ndo inalipuka, askari wa miguu haimsumbui sana.

Yamashita, mzaliwa wa 1885 kisiwa cha Shikoku, alishuka Malaya Desemba 1941 na jeshi la 25, vijana wake wakateremka na baiskeli hadi kusini, tairi ikipasuka wanaendesha rimu tupu. Alikuwa na watu wachache kuliko Percival, kamanda wa Waingereza, na risasi zinamwishia, akakaza tu sura, na tarehe 15 Februari 1942 Percival akasaini kusalimu amri kwenye kiwanda cha Ford pale Bukit Timah, Singapore. Kwa hiyo ilikuwa ni spidi na ujasiri wa kubahatisha, sio mizinga mibovu.

Ila msimfanye shujaa, maana baada ya hapo jeshi lake liliua raia wengi wa Kichina mjini humo. Mwenyewe alinyongwa Ufilipino Februari 1946, kwa ukatili wa askari wake huko Ufilipino.