Je, wajua kwa nini tairi nene haliitulizi pikipiki kuukuu?

Pikipiki ikishatumika miaka mingi huanza kuyumba kwenye kona na kugonga kwa mbele kila ikikutana na shimo. Dawa inayotajwa kwanza kijiweni ni tairi nene la nyuma. Likishafungwa, pikipiki inapendeza, lakini kuyumba kunabaki palepale na mara nyingi kunazidi. Sababu ya kwanza iko kwenye ringi.

Chukua pikipiki za Boxer zile za kawaida za bodaboda, zinazotumia tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Ringi nayo ina upana wake, na umegongwa kwenye chuma: 17x1.60, 17x1.85 na kadhalika. Tairi la 3.00 linakaa sawasawa kwenye ringi ya 1.60 hadi 2.15. Lile la 100/90-17 wanalolitamani wengi (hapa upana ni milimita 100, na 90 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo) linataka ringi isiyopungua 2.15. Ukilivika kwenye 1.60, kingo zake zinabanwa kwa ndani na mgongo wake unachongoka. Sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo, katikati inalika mapema na kuwa kipara huku pembeni kukiwa na kashata (vinundu vya mpira wa tairi) nzima, na kuta zilizotokeza nje ya ringi zinapinda kila unapolala kona. Upepo ukipungua kidogo, tairi linateleza juu ya ringi na kuikata vali ya tyubu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kipenyo cha nje kinapanda kutoka milimita 585 hivi hadi karibu 612. Kwa injini, hiyo ni sawa na kupunguza meno mawili kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 42. Mlimani, ukiwa na abiria, utaona tofauti.

Ukitaka kupanda hatua moja bila kuharibu, 90/90-17 inafaa mradi ringi iwe 1.85 au zaidi. Hakikisha pia kuna nafasi ya kutosha kati ya tairi, cheni na madigadi pikipiki ikiwa na mzigo. Soma na namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, iliyo ubavuni: 41 ni kilo 145, 50 ni kilo 190. Tairi jipya lisiwe na namba iliyo chini ya lile la asili, hasa kwa pikipiki ya biashara. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT zinaonyesha lilitengenezwa lini. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani miaka sita umeshakuwa mgumu hata kama unang'aa. Kashata kubwa nunua kama njia yako ni ya tope kweli, kwa sababu kwenye lami zinashika kidogo na kuisha haraka.

Sasa kuyumba kwenyewe. Katika pikipiki kuukuu chanzo chake mara nyingi ni vitu vitatu vya bei ndogo ambavyo mwenye pikipiki havioni: beringi za usukani, bushi za mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma) na beringi za magurudumu. Visipokaguliwa kwanza, fedha yote ya tairi na shokapu inapotea.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mtu akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Zungusha usukani polepole kwa kidole. Ukikwama na kutulia wenyewe katikati, gololi za beringi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, na kukaza nati hakutaponya. Vikombe na gololi vibadilishwe vyote. Kwa pikipiki nyingi kuna seti ya beringi za rola zinazoingia mahali palepale, na hilo ni boresho la kweli kwa sababu hubeba mapigo ya mashimo vizuri zaidi kuliko gololi. Kisha shika miguu ya shokapu za mbele chini, vuta na kusukuma. Ukisikia mlio hafifu wa kugonga, usukani umelegea. Hamia nyuma, inua gurudumu, lisukume kushoto na kulia. Mkono wa nyuma ukicheza hata kidogo, bushi zimekwisha, na hiyo ndiyo yumba unayoisikia katikati ya kona.

Shokapu za mbele zina springi na oili, na kazi zake ni tofauti: springi inabeba uzito, oili inatuliza mruko. Kutia oili nzito ili kuinua pikipiki iliyolala mbele ni kosa la kila siku. Pikipiki italala vilevile, na kwenye mashimo madogo itakuwa ngumu hadi mikono ife ganzi. Pima kwanza. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu, inua mbele mpaka shokapu inyooke, isogeze kamba iguse sili, kisha kaa juu taratibu, ushuke taratibu, uinue mbele tena na upime kutoka sili hadi kamba. Kama mwendo wote wa shokapu ni milimita 120, inatakiwa izame 35 hadi 40 hivi. Ikizama 60, springi zimechoka: weka mpya, au ongeza kipande cha bomba cha milimita 10 juu ya springi ya zamani. Kipande hicho kinainua pikipiki tu. Hakiifanyi springi kuwa ngumu zaidi.

Oili iwe ya shokapu, kwa kawaida 10W, na ibadilishwe kila miaka miwili. Kiasi fuata kitabu cha pikipiki. Kupima iliyotoka hakusaidii, kwa kuwa sehemu yake ilishavujia nje zamani. Miguu yote miwili iwe na kimo kimoja cha oili. Kabla ya kufunga sili mpya pitisha ukucha kwenye bomba. Ukinasa kwenye kutu, sili itachanika ndani ya wiki chache. Kutu hafifu inaondoka kwa msasa laini wa 1500, mashimo ya kina yanataka bomba jipya.

Nyuma, kandamiza kiti kwa nguvu na uachie. Ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Ikidunda mara mbili au tatu, oili ya ndani imekwisha, na kubana vipande vya mpira kati ya koili kutahamishia mapigo kwenye chasisi, ambayo itapasuka kwenye viungo vya kulehemu. Nunua mbili pamoja. Pima urefu kati ya katikati ya tundu la juu na la chini, pamoja na kipenyo cha boliti. Usizidishe wala kupunguza zaidi ya milimita 10: nyuma ikipanda sana usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, ikishuka unakuwa mzito kwenye kona.

Ringi ya spoki inafaa barabara mbovu, kwa kuwa spoki zinakazwa na kubadilishwa mojamoja. Ringi ya aloi iliyopasuka haichomelewi, inatupwa. Gonga kila spoki kwa spana ndogo. Inayotoa sauti butu imelegea. Mchezo wa ringi usizidi milimita 2. Unapobadilisha beringi za gurudumu, chagua zenye mpira pande zote mbili, zigongwe kwa duara la nje tu, na bomba fupi linalokaa kati yake lirudishwe. Likisahaulika, ekseli ikikazwa inazibana beringi kwa ubavu na zinakufa mapema.

Upepo pima tairi likiwa baridi: kwa pikipiki za daraja hili 25 psi mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukibeba abiria.