Mwaka 1977 katika fasihi ya Kenya: nani alikuwa anasikiliza?

Ninapofundisha fasihi ya Kenya, hakuna mwaka unaonichukulia muda kama 1977. Wanafunzi wengi huja wakiwa na jambo moja tu kichwani: mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Ni kweli, lakini ukianza na kukamatwa kwake utauona mwaka mzima kama njia ya kwenda gerezani, na mengi yatakupita. Mimi huanza mwezi Januari, tena nje ya Kenya.

Mwezi huo lilifunguliwa tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, jijini Lagos. Kenya iliwakilishwa na tamthilia mbili: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Zote mbili zilikuwa zimeonyeshwa Nairobi Oktoba 1976, na kupata jukwaa lenyewe kulikuwa vuta nikuvute. Ukumbi wa taifa ulizigawia siku chache, umekwisha kukodishwa kwa maonyesho ya wageni. Kazi zilizoaminiwa kubeba jina la nchi ughaibuni zikawa zinaomba nafasi nyumbani kwao. Kwangu mimi, hapo ndipo swali la mwaka lilipozaliwa: tamthilia ya Kenya inaonyeshwa wapi, na kwa ajili ya nani?

Julai ikatoka riwaya ya Ngũgĩ, Petals of Blood. Aliyeizindua jijini Nairobi ni Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo. Jambo hili huwashangaza wanafunzi kila mara, na wana haki ya kushangaa. Riwaya ile haimung'unyi maneno: wanavijiji wa Ilmorog wananyang'anywa ardhi, benki inawafilisi, na wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wanateketea kwa moto. Hata hivyo mwandishi hakuguswa. Kitabu kilikuwa kinene, kwa Kiingereza, na mkulima aliyesimuliwa humo hangeweza kukisoma.

Wakati huohuo, huko Limuru karibu na Nairobi, kazi nyingine ilikuwa inaendelea. Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichotokana na amri ya hali ya hatari ya serikali ya kikoloni miaka ya 1950, watu walipohamishwa kwa nguvu na kukusanywa pamoja. Wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na watu wasio na kazi. Katika kituo chao cha elimu ya watu wazima, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mswada wa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda) kwa Kigĩkũyũ, kisha wakauweka mbele ya wanakijiji.

Hapa ningependa msomaji atulie. Mazoezi yalifanyika hadharani, mpita njia akasimama kutazama na kutia neno. Wazee walirekebisha usemi wa wahusika wazee, kwa kuwa msomi wa chuo kikuu alikuwa amewawekea kinywani lugha isiyo na uzito wa umri wao. Wafanyakazi walieleza kwa undani kazi ya kiwandani na mshahara wake. Nyimbo za arusi zilitoka kwa wanawake waliozijua tangu usichana. Jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000, walilijenga kwa mikono yao. Kimani Gecaũ akaongoza uigizaji. Nikisoma tamthilia ile leo nasikia sauti nyingi ndani yake, na siamini kwamba mwandishi mmoja angeweza kuzitunga peke yake mezani.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kufuata. Kĩgũũnda, kibarua, amening'iniza ukutani hati ya ekari yake moja na nusu. Tajiri Ahab Kĩoi na mkewe wanamshawishi yeye na mkewe wafunge ndoa ya kanisani. Gharama inawafanya waiweke ardhi rehani, na ardhi inakwenda. Kila aliyeketi pale Limuru alimjua mtu wa namna hiyo.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Wiki sita tu! Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa gereza la Kamiti hadi Desemba 1978, huku akiandika riwaya kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa amemtangulia katika njia hiyo, akitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa Kiswahili.

Na Kiswahili kilikuwa wapi mwaka huo? Swali hili huulizwa mara chache, nami naona ni pengo kubwa. Mwaka 1977 kilitoka Historia ya Kiswahili cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, Mmombasa na Mtanzania katika jalada moja, wote wawili wakiwa wameshafariki. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Shirika la uchapishaji la Jumuiya, East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948, likavunjika nalo. Lugha ya pekee ambayo ingemfikia kibarua wa Limuru na mkulima wa Moshi kwa pamoja ikakatwa njia ya vitabu vyake, mwaka uleule Kamĩrĩĩthũ ilipoonyesha nguvu ya kuwazungumzia watu kwa lugha yao.

Tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ile, Nitaolewa Nikipenda, ilichapishwa Nairobi mwaka 1982. Machi ya mwaka huo polisi walilibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ, na mpaka wa Tanzania ulikuwa haujafunguliwa bado; ulifunguliwa 1983.