Vipimo vya alama za saratani ya matiti: dhana potofu na ukweli

Dhana: Jibu la kipokezi cha estrojeni (protini ya seli inayopokea homoni ya estrojeni) hutegemea mashine na kingamwili (kitendanishi kinachonasa protini hiyo) tu.

Mara nyingi jibu huharibika kabla tishu haijafika maabara. Kipande kikishatoka mwilini, kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 yenye bafa (kizuia asidi) ndani ya saa 1, kisha kikae humo saa 6 hadi 72. Kosa tunalolikuta sana ni titi zima kutumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, hivyo uvimbe wa katikati huanza kuoza wakati nyama ya nje imeshahifadhika vizuri. Pasua vipande vya unene wa milimita 5 hivi, na uandike kwenye fomu saa ya kukata na saa ya kutumbukiza.

Halafu, kwenye slaidi iliyopakwa rangi, angalia mirija ya maziwa ya kawaida iliyo pembeni ya uvimbe. Baadhi ya seli zake hutakiwa kushika rangi. Zisiposhika hata moja, usiandike "hasi": kipimo kimefeli, chukua kipande kingine urudie.

Dhana: Njia ya zamani ya kusaga tishu ilikuwa sahihi zaidi kwa kuwa ilitoa namba.

Njia hiyo, yaani kipimo cha mkaa na dekstrani, ilitoa kiasi cha kipokezi kwa femtomoli (kipimo kidogo mno) kwa kila miligramu ya protini. Lakini ilidai tishu mbichi iliyogandishwa, na kinu kilisaga saratani, mafuta na mirija mizima kwa pamoja. Uvimbe wenye seli chache za saratani ungeweza kusomeka hasi. Imunohistokemia (kupaka slaidi rangi kwa kingamwili) humwonyesha msomaji seli ipi imeshika rangi, na viini asilimia 1 tu vinatosha kuitwa chanya. Tangu 2020, asilimia 1 hadi 10 huandikwa "chanya ya chini".

Dhana: HER2 (protini inayochochea seli kukua) ya 2+ ni chanya hafifu.

Hapana, bado haijaamuliwa. Imunohistokemia huangalia protini kwenye utando wa seli na kuipa alama 0 hadi 3+. FISH (kipimo cha jeni kwa rangi inayong'aa) huhesabu nakala za jeni yenyewe. 3+ ni rangi kali inayozunguka utando wote katika zaidi ya asilimia 10 ya seli. 2+ ipelekwe FISH: hesabu angalau seli 20. Uwiano wa jeni ya HER2 kwa kromosomu 17 (inayoibeba) ukifika 2.0, na wastani wa nakala ukifika 4 kwa seli, hiyo ni chanya. Hesabu saratani iliyopenya peke yake, ile iliyobaki ndani ya mirija iache, maana huweza kuwa chanya na kukupotosha. Maabara isiyo na darubini ya mwanga wa fluoresensi inaweza kutumia njia ya madini ya fedha, inayosomwa kwa darubini ya kawaida na slaidi zake hazififii.

Dhana: Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) ya asilimia 18 ni ileile popote.

Msomaji mmoja huhesabu eneo lenye rangi nyingi, mwingine hupiga wastani wa slaidi nzima. Kwenye saratani yenye kipokezi cha estrojeni chanya na HER2 hasi, asilimia 5 kushuka chini au 30 kupanda juu zinaaminika. Ya katikati isiamue kidonge (cha homoni) wala dripu (ya kemo) peke yake.