Jenomu za mitokondria na ukoo wa mbawakawa: pale mti unapodanganya

Siku hizi kuipata jenomu nzima ya mitokondria ya mbawakawa, yaani DNA yote ya viungo vinavyotengeneza nishati ndani ya seli, si kazi kubwa. Kazi ni kutambua lini mti wa ukoo uliochorwa nayo umepotoka, maana hata ukipotoka unaweza kuja na alama 100 za uhakika kwenye kila tawi.

Jenomu hiyo ni duara la DNA lenye besi 15,000 hadi 17,000 hivi na jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA (molekuli zinazoleta asidi amino protini inapojengwa) na 2 za RNA ya ribosomu, pamoja na eneo la udhibiti lisilo na jeni. Mbawakawa wengi wamebakiza mpangilio wa jeni wa asili wa wadudu, kwa hiyo mpangilio peke yake hausemi mengi. Kwa baadhi ya fukusi tRNA za alanini na arginini zimebadilishana nafasi, na hiyo ni alama nzuri ya kundi. Kwingine utategemea mfuatano wa besi.

Chukua mguu, au misuli ya kifua inayoendesha mabawa, ambayo imejaa mitokondria. Tumbo liache. Mbawakawa mla wadudu hubeba humo DNA ya mawindo yake, na programu ya kuunganisha vipande haijui nani kamla nani. Loweka kwenye proteinesi K, kimeng'enya kinachovunja protini, kwa nyuzi 56 za Selsiasi usiku kucha bila kusaga, ili ganda lirudi kwenye pini. Jina likija kutiliwa shaka, ganda hilo ndilo shahidi pekee.

Hesabu ya usomaji ni rahisi. Ukisoma besi bilioni 1, na asilimia 0.5 tu ikawa ya mitokondria, una besi milioni 5. Gawanya kwa urefu wa jenomu, 16,000, kila besi imesomwa mara 300 hivi. Inatosha kabisa kwa programu za kuunganisha vipande kama GetOrganelle au NOVOPlasty. Duara likikataa kufunga, mara nyingi tatizo ni eneo la udhibiti: marudio yake ni marefu kuliko vipande vya besi 150. Usililazimishe. Acha pengo, kwani eneo hilo hata hivyo halitumiki kwenye mti.

Katika kutambua jeni, chagua msimbo namba 5, wa mitokondria ya wasio na uti wa mgongo. Humo kodoni (besi tatu zinazosomwa kwa pamoja) ya TGA ni asidi amino ya triptofani, si kikomo cha jeni. Kisha kagua kwa macho. Jeni ya cox1 mara nyingi haina kodoni ya kawaida ya kuanzia, na jeni kadhaa huishia na T moja tu, ambayo hukamilishwa baadaye kwenye RNA. Lakini kikomo katikati ya jeni, hasa pale idadi ya usomaji inaposhuka ghafla, ni dalili ya nakala mfu iliyohamia kwenye kiini cha seli. Itupe.

Sasa mti wenyewe. A na T kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 80 ya jenomu hii, na kwenye nafasi ya tatu ya kodoni huweza kupita 90. Kiwango hicho hutofautiana kati ya koo. Modeli inayodhani besi zina uwiano mmoja kote itawaweka pamoja mbawakawa wanaofanana kwa wingi wa A na T, wawe ndugu wasiwe. IQ-TREE, programu ya kuchora miti, huchapisha jaribio la uwiano huo mwanzoni kabisa mwa kazi, mistari ambayo wengi huiruka. Nikiona mifuatano mingi imeshindwa, naondoa nafasi ya tatu, au nageuza besi kuwa R (A au G) na Y (C au T), kisha nalinganisha na mti wa asidi amino. Programu ya PhyloBayes kwa modeli ya CAT-GTR, inayoruhusu kila nafasi kuwa na uwiano wake, hustahimili zaidi, ila huenda majuma. Endesha minyororo miwili, yaani hesabu mbili zinazojitegemea, na usiamini chochote ikiwa tofauti kubwa kuliko zote kati yao (maxdiff) inazidi 0.3.

Kwa jenasi na familia, data hizi nazitegemea. Kwa uhusiano wa nusuoda nne, yaani makundi makuu ya mbawakawa, Adephaga, Polyphaga, Archostemata na Myxophaga, natafuta jeni za kiini. Kwa spishi zinazokaribiana sana pia nazitafuta: mitokondria hurithiwa kwa mama, na bakteria Wolbachia wanaweza kueneza aina moja ya mitokondria kuvuka mpaka wa spishi. Hapo jeni zote 37 zitatoa kosa lilelile, kwa sababu husafiri pamoja.