Baraza la mji: lina mamlaka gani, na linaishia wapi?

Muulize mtu wa Katuba nani anaongoza mji wa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), atakujibu papo hapo: meya. Hajakosea, ila ametaja nusu tu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliupa mji vyombo viwili. Baraza la mji ndilo linaloamua. Meya, msaidizi wake na eshevini (wasimamizi wa idara za mji) watatu ndio wanaotekeleza.

Chukua kikaratasi cha ushuru anachopewa asubuhi mama muuza samaki wadogo wa kapenta kwenye soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Ile franka mia kadhaa anayotoa, ikitozwa kwa jina la mji, lazima ionekane kwenye bajeti ya mji. Meya na wenzake huiandaa bajeti hiyo, lakini bila kura ya baraza ni karatasi tu. Mwaka ukiisha, baraza lina haki ya kumwita meya na kumuuliza: pesa ya mitaro iliingia wapi? Asiporidhisha, linaweza hata kumwondoa kwa kura. (Kama soko ni la komuni, yaani sehemu ya mji yenye baraza lake, maswali hayo ni ya baraza la komuni. Hapa ndipo wengi huchanganya.)

Wajumbe wa baraza la mji hawachaguliwi na raia moja kwa moja. Raia huchagua madiwani wa komuni, madiwani huchagua wajumbe wa mji, na wajumbe huchagua meya. Lubumbashi ina komuni saba, Kamalondo na Ruashi zikiwamo. Lakini kura ya madiwani wa komuni ilisubiri hadi Desemba 2023! Miaka yote hiyo meya aliteuliwa na Rais, na hakukuwa na baraza la kumhoji. Ndiyo maana jina la meya limezoeleka na la baraza ni geni.

Kazi za baraza ni za karibu na mlango wako: masoko, barabara za mji, taa za njiani, makaburi, takataka. Kwa pesa, sheria inasema 40% ya fungu la taifa linalokwenda jimboni ni haki ya miji, komuni na maeneo mengine ya ngazi hiyo. Kuandikwa ni jambo moja, kufika ni jingine.

Baraza halijitawali kabisa, maana gavana wa jimbo huikagua bajeti kabla haijapitishwa. Na umeme ukikatika, usiende kumlaumu mjumbe: SNEL ni kampuni ya Serikali, sawa na Regideso kwa maji. Mtaro ulioziba, huo mpelekee.