Upimaji wa programu ni nini?

Upimaji wa programu ni kazi ya kuisaka kasoro kabla haijamkuta mtumiaji. Wengi hudhani mpimaji huthibitisha tu kwamba programu inafanya kazi. Hapana: yeye hutafuta itakwama wapi, na itamkwamisha nani.

Chukua fomu ya kuomba mkopo kwa simu hapa Nairobi. Kwenye jina, mimi huanza na Ng'ang'a. Katika SQL, lugha ya hifadhidata, ritifaa, yaani alama ya (') kama iliyomo kwenye jina hilo, huonyesha mahali maandishi yanapoanzia na yanapoishia. Programu iliyoandikwa kwa pupa hudhani jina limeishia kwenye Ng, ikagoma. Upenyo huohuo ndio wezi huutumia kupenyeza amri zao. Kisha namba ya simu. Kenya ilianza kutoa namba za 01 mwaka 2019, na fomu zilizozoea 07 pekee zikawakataa watu wenye laini halali kabisa. Mtu ananyimwa huduma kwa sababu ya tarakimu moja! Hilo huniuma.

Mipakani ndiko makosa hupenda kujificha. Kiwango cha chini cha mkopo kikiwa shilingi 500, jaribu 499, 500 na 501: mwandishi wa programu akiweka "zaidi ya 500" badala ya "kuanzia 500", aliyeomba 500 kamili atakataliwa. Halafu zima data katikati ya malipo, uiwashe, ubonyeze Lipa tena kama abiria wa matatu aliyekatikiwa na mtandao, uone pesa zimetoka mara ngapi.

Uhakikisho wa ubora ni mpana zaidi: ni utaratibu wa timu nzima wa kuzuia kasoro, tangu mahitaji yanapoandikwa. Upimaji ni sehemu yake.

Si lazima uingie ukiwa mwandishi wa programu, ingawa baadaye utahitaji kuandika majaribio yanayojiendesha, kwa zana kama Selenium. Mtihani wa cheti cha msingi cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu, una maswali 40. Ukipata 26 umefaulu. Lakini ustadi ninaouthamini kuliko vyote ni kuandika ripoti. "Haifunguki" haimsaidii yeyote. Andika ulitumia simu gani, toleo gani la programu, ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Kasoro ikisharekebishwa, rudia hatua zilezile, kisha upime na vilivyo jirani: fomu ikilikubali jina la Ng'ang'a, huenda risiti ndiyo ikaanza kulichapa vibaya.