Nyuma ya Kabati la Kioo: Maonyesho na Mihadhara ya Maktaba ya Sayansi za Afya

Wengi huamini kwamba maktaba ya sayansi za afya katika chuo kikuu ni ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi peke yao. Rafu ndizo zao zaidi, hilo ni kweli. Lakini maonyesho yaliyo karibu na mlango, pamoja na mihadhara mingi ya jioni, kwa kawaida huandaliwa kwa ajili ya kila mtu. Sisi wakutubi tunaoyaandaa tunataka mgeni aone namna elimu ya tiba ilivyopatikana, hatua kwa hatua, na hasa pale ilipokosea kisha ikasahihishwa.

Chukua kitabu cha tabibu Andreas Vesalius kuhusu muundo wa mwili wa binadamu, kilichochapishwa Basel mwaka 1543. Maktaba chache zina nakala ya awali, na nyingi huonyesha nakala iliyochapwa upya. Mgeni huvutiwa na michoro: mifupa iliyosimama kama watu hai, misuli iliyofunuliwa tabaka baada ya tabaka. Mimi hupenda kumwelekeza kwenye taya la chini. Galen, tabibu wa karne ya 2, alikuwa ameandika kwamba taya hilo lina mifupa miwili, kwa kuwa alipasua zaidi wanyama. Kauli yake ilifundishwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Vesalius, akiwa na miaka 28 tu, alichapisha yale aliyoyaona katika miili ya watu: kwa mtu mzima, mfupa ni mmoja. Mgeni akilielewa taya hilo, ameelewa sehemu kubwa ya historia ya tiba.

Kazi inayotuchosha zaidi ni kuandika maelezo mafupi yanayobandikwa kando ya kila kitu. Maneno hamsini yanaweza kupotosha kuliko kitabu kizima, maana msomaji husimama hapo kwa nusu dakika na kuondoka akiamini alichosoma. Mfano mzuri ni ramani ya John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka Soho, London. Wakati huo wengi waliamini ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Snow alishuku maji. Alifuatilia vifo, kisha akachora ramani yenye vistari vyeusi, kila kifo na kistari chake, navyo vikarundikana kuizunguka pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani walinusurika. Walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Septemba 8 mpini wa pampu uliondolewa.

Hapo ndipo maelezo mengi huishia, yakidai kwamba kuondoa mpini kulizima mlipuko. Snow mwenyewe hakudai hivyo. Vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, na wakazi wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Tena ramani haikumfichulia siri ya maji. Alishaishuku kabla, akaitumia ramani kuwashawishi wengine. Ukiyaeleza haya, Snow hapungui hadhi hata kidogo. Kinachobaki ni mtu aliyekusanya ushahidi mlango kwa mlango na kuuweka pamoja ili wengine waupime, na kwangu huyo anafaa kuonyeshwa kuliko shujaa wa mpini.

Upande wa uhifadhi hauna mambo mengi. Karatasi ya zamani huumizwa na mwanga, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ndiyo maana chumba cha maonyesho huwa na mwanga hafifu, kwa kawaida karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa michoro na maandishi ya wino, na kurasa hubadilishwa baada ya miezi michache. Ukiombwa usitumie taa ya kamera, sababu ni hiyo.

Yapo mambo magumu zaidi ya mwanga. Atlasi ya anatomia, yaani kitabu cha michoro ya mwili wa binadamu, ya Eduard Pernkopf wa Vienna, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1937, ina michoro ya ustadi wa hali ya juu. Pernkopf alikuwa mfuasi wa chama cha Nazi cha Hitler. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Vienna, uliokamilika mwaka 1998, ulibainisha kwamba taasisi yake ya anatomia ilipokea miili zaidi ya 1,300 ya watu waliouawa kwa hukumu ya kifo chini ya utawala wa Nazi. Je, maktaba ikifiche kitabu kama hicho? Naona hapana, lakini kisionyeshwe kamwe bila habari hiyo kuandikwa pembeni yake, kwa herufi zinazosomeka. Vivyo hivyo picha za wagonjwa wa zamani: ikiwa hatuna hakika kwamba mtu aliridhia kupigwa picha, uso wake haubandikwi ukutani kwa sababu tu picha inavutia.

Mihadhara na warsha hutoka katika wazo hilohilo. Iliyo na manufaa zaidi kwa mwananchi, kwa maoni yangu, ni warsha ya kutafuta taarifa za afya. PubMed, hifadhidata ya makala za utafiti wa tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekuwa wazi bila malipo kwa umma tangu mwaka 1997. Tatizo ni kwamba mtu akiandika jina la ugonjwa huletewa maelfu ya makala na hajui aanzie wapi. Katika warsha tunamfundisha kuuliza: utafiti ulifanywa kwa watu au kwa panya? Walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani aligharamia? Swali la kwanza peke yake huondoa vichwa vingi vya habari vinavyotangaza tiba mpya, na ndilo swali ambalo Vesalius angemuuliza Galen.

Mkutubi hatakupima wala kukwambia unywe dawa gani. Hiyo ni kazi ya daktari wako. Anachoweza ni kukutafutia mwongozo wa matibabu unaotumika sasa, kukuonyesha ulitolewa mwaka gani na kwa ushahidi upi, na kukusaidia kuandika maswali ya kwenda nayo kliniki. Kabla ya kwenda, piga simu maktabani uulize saa ambazo wageni wanaruhusiwa na kama kitambulisho kinahitajika, maana kila chuo kina utaratibu wake.